Nani Anabeba Shoti?

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya shoti.

Aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta anajua ninachosema. Kwa wengine nieleze. Zamu inapoisha, pesa zinahesabiwa. Mashine inasema mauzo ni laki nane na elfu kumi, droo ina laki saba na elfu themanini. Elfu thelathini haipo. Hiyo ndiyo shoti. Na katika maduka mengi, baa, famasi, sheli na vibanda vya miamala ya simu, hiyo elfu thelathini haiulizwi imekwenda wapi. Inaandikwa kwenye daftari mbele ya jina la aliyekuwa zamu, na siku ya mshahara ikifika, inakatwa.

Malalamiko ya kazini ni mengi, tena ya kweli. Kuna bosi anayemfokea mtu mzima mbele ya wateja. Kuna likizo inayosogezwa mwaka hadi mwaka mpaka mwenyewe anaacha kuiulizia, na saa za ziada zisizolipwa kwa sababu eti sisi hapa ni familia. Kuna shemeji wa meneja aliyeingia juzi, leo anamwelekeza kazi mwenye miaka kumi pale pale. Lakini hayo watu wanayasema. Wanayasema kwenye daladala, kwa mama ntilie, nyumbani wakivua viatu. Shoti haisemwi. Mtu akitukanwa na bosi anasimulia mtaa mzima. Akikatwa kwa shoti ananyamaza, hata mkewe hamwambii, kwa sababu shoti ina harufu ya wizi. Akifungua mdomo tu, swali la kwanza ni: kwani pesa ulipeleka wapi? Basi anainamisha kichwa, anapokea kilichobaki, anakwenda kukopa.

Ndiyo maana nimeichagua. Naamini shoti ni mahali ambapo uonevu wa kazini unaonekana waziwazi kuliko pengine popote, na ni mahali ambapo tumeuzoea kuliko popote. Biashara ikipata faida, faida ni ya mwenye biashara. Hilo silipingi hata kidogo: mtaji ni wake, kodi ya pango analipa yeye, usiku halali yeye akiwaza mkopo wa benki. Tunakubali achukue faida kwa kuwa ndiye aliyekubali kubeba hatari. Sasa hatari yenyewe inapotokea, hasara inapoingia mlangoni, kwa nini inashushwa kwa mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika jengo?

Twende sheli tukaone inavyokuwa.

Chukua kituo chochote cha mafuta cha barabara kuu, zamu ya usiku, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Mhudumu akiingia anasoma mita za pampu zake, anaandika namba kwenye karatasi. Asubuhi anasoma tena. Namba ya asubuhi ukitoa ya jioni unapata lita zilizouzwa. Unazidisha kwa bei ya lita, na hicho ndicho anachotakiwa kukabidhi, kamili. Kwenye karatasi hesabu hii haina tatizo lolote.

Tatizo ni usiku wenyewe. Bodaboda anataka mafuta ya elfu tatu, anatoa noti ya elfu kumi, na nyuma yake kuna wengine wanapiga honi. Dereva wa lori anasema weka ya laki mbili, injini inanguruma, mhudumu anasikia laki mbili na nusu. Mafuta yakishaingia kwenye tangi hakuna wa kuyatoa. Mwenye gari dogo anasema nimelipa kwa lipa namba, ananyoosha simu yake kuonyesha ujumbe, lakini simu ya ofisi inayopokea ujumbe wa kweli iko kwa msimamizi, na msimamizi yuko ndani amelala. Kumbe ujumbe ule ni wa wiki iliyopita. Saa 8 usiku, chini ya taa hafifu, noti ya bandia inafanana na noti. Benki ndiyo inayokuja kuikataa kesho yake. Halafu kuna siku ya bei. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, nazo huanza kutumika saa 6 na dakika moja usiku, yaani katikati ya zamu hiyohiyo. Bei ikipanda, na mita hazikusomwa wakati ule ule wa kubadilisha, lita zilizouzwa saa 3 usiku kwa bei ya jana zitapigiwa hesabu asubuhi kwa bei ya leo. Tofauti inakuwa shoti ya mhudumu, na hakumwibia mtu hata shilingi.

Nimekaa na dada mmoja anayefanya kazi hiyo. Jina lake silitaji, wala mahali anapofanya kazi. Alinionyesha daftari lake dogo, lile la kurasa nyembamba, lenye madoa ya mafuta kwenye kona. Kila ukurasa una safu nne: mita ya kuanzia, mita ya kumalizia, alichokabidhi, na ya mwisho, ya shoti, ameiandika kwa wino mwekundu. Siku nyingi safu hiyo ya mwisho ni elfu moja, mia tano, elfu mbili. Ni vijisenti vya chenji. Kisha katikati ya mwezi kuna namba kubwa, na pembeni ameandika neno moja tu: “tangi”. Nikamuuliza tangi ndiyo nini. Akaniambia gari la mafuta lilikuja kushusha, wakapima kabla na baada, ikaonekana kilichoingia kwenye tangi la chini ni pungufu ya kilichoandikwa kwenye hati ya mzigo. Upungufu ule meneja akaugawanya kwa wahudumu wote. Yeye siku hiyo alikuwa mapumziko, amepeleka mtoto kliniki. Akakatwa pia.

Petroli huvukiza. Joto la mchana huiongeza ujazo na ubaridi wa usiku huupunguza. Kijiti cha kupimia kikisomwa na macho mawili tofauti hutoa majibu mawili tofauti. Wenye biashara ya mafuta wanayajua haya vizuri kuliko mimi, na ni jambo la kawaida kabisa kwenye vitabu vyao kutenga kiasi kwa upotevu wa namna hiyo. Lakini pale sheli upotevu ule ukapewa wenyewe, watu waliokuwa hawana hata ufunguo wa tangi.

Na mwezi ambao pesa zimezidi? Maana hutokea. Mteja anasamehe chenji, au hesabu inakuja na elfu tano ya ziada. Nilimuuliza dada yule. Akasema ikizidi inakabidhiwa kwa meneja, ni mali ya kampuni. Sina haja ya kuongeza neno hapo.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu wengi wanadhani hili ni suala la huruma ya bosi tu. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, ina kifungu cha 28, na kifungu hicho kinazungumzia jambo hili moja kwa moja. Kinaanza kwa kukataza. Mwajiri haruhusiwi kukata chochote kwenye mshahara, isipokuwa makato yanayoruhusiwa na sheria, kama kodi na michango ya hifadhi ya jamii, au na makubaliano ya chama cha wafanyakazi, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi. Ama deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi likatwe. Kisha kinaingia kwenye hasara na uharibifu, na hapa naomba usikilize kwa makini kama uko kaunta.

Hata ukikubali kwa maandishi, makato ya kufidia hasara hayaruhusiwi mpaka yatimie mambo haya yote. Hasara iwe imetokea katika kazi na iwe imesababishwa na kosa lako wewe. Mwajiri awe amekueleza kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna alivyokipigia hesabu. Awe amekupa nafasi ya kutosha ya kukipinga. Jumla isizidi hasara halisi iliyotokea. Na makato yasivuke robo ya mshahara wako wa fedha taslimu.

Pima yale ya tangi kwa kipimo hicho. Kosa la mhudumu liko wapi, naye alikuwa kliniki na mtoto? Maandishi yako wapi? Nafasi ya kupinga alipewa lini? Hakuna hata kimoja. Alichoona ni bahasha iliyopungua.

Ile robo nayo nataka tuiangalie kwa namba. Tuseme mshahara ni 240,000. Robo yake ni 60,000. Maana yake hata kama kweli umezembea, hata kama umekiri na ukasaini, bosi hawezi kukuondolea zaidi ya 60,000 mwezi huo. Lakini sote tunawajua watu waliopewa 40,000 mkononi mwisho wa mwezi wakaambiwa mshahara wako umeliwa na shoti, na mwezi ujao bado unadaiwa. Mtu anafanya kazi siku 30 kulipa deni ambalo hakuwahi kuonyeshwa limetoka wapi. Wazee wetu waliokata mkonge Tanga, Korogwe na Kilosa walikuwa na kadi ya kipande yenye siku 30. Siku ambayo nyapara hakuridhika na kazi haikuwekewa alama, na kadi isipojaa hakuna malipo. Kalamu ilikuwa ya nyapara, naye ndiye aliyeamua siku ipi ni siku. Nikiangalia daftari la shoti lililoko kwenye droo ya meneja, ambalo mwenye kuandikwa haruhusiwi kulifungua, nauliza tumesogea hatua ngapi.

Kuna mwenye duka ananisikiliza sasa hivi na damu inamchemka. Anasema wewe mtangazaji hujawahi kuibiwa. Vijana wanaiba! Wanauza bila kutoa risiti, wanapunguza vipimo, wanashirikiana na wateja. Nikiacha kukata, nitafunga duka mwezi ujao.

Ndugu yangu, nakusikia, na sitasema kwamba wizi haupo. Upo, na unaumiza, hasa biashara ndogo ambayo mwenyewe ndiye mwenye mtaji na ndiye msimamizi. Lakini tuambiane ukweli: kukata shoti hakumkamati mwizi. Mwizi mwenye akili anahakikisha hesabu zake zimefunga kila siku. Pesa anaitoa mahali ambapo mita haiwezi kuiona. Anayepata shoti ya elfu mbili leo na elfu moja kesho ni yule aliyechoka, au mgeni wa kazi, au anayehudumia watu wengi kuliko uwezo wa mikono miwili. Ukimkata huyo, umemkata mtu aliyekuandikia ukweli kwenye daftari. Na kama unaamini kijana fulani ameiba, njia ipo: mpe barua ya tuhuma, msikilize kwenye kikao cha nidhamu akiwa na mwenzake wa kumsaidia, ukithibitisha mwachishe kazi kwa haki, na kama ni jinai mpeleke polisi. Njia hiyo ni ndefu, inataka ushahidi. Makato hayataki ushahidi, na hapo ndipo yanapopata utamu wake kwa bosi. Yanamwezesha kumwadhibu mtu kama mwizi bila kumwita mwizi, ili asije akalazimika kuthibitisha.

Baya zaidi ni ile shoti ya pamoja. Stoo imekutwa na upungufu, mwizi hajulikani, basi wagawane wote. Mwenye kufanya hivyo hudhani wafanyakazi watalindana, kila mmoja atamchunga mwenzake. Nimeona kinachotokea. Watu wanachukiana. Anayejua aliyeiba hasemi kwa kuwa ameshalipa fungu lake, na yule aliye mwaminifu anaanza kujiuliza uaminifu wake unamletea nini, ikiwa anayeiba na asiyeiba wanakatwa sawasawa. Sheria inasema kosa la mfanyakazi, na kosa halina ubia.

Tena hasara hiyo haibaki ndani ya duka, inatoka nje kumtafuta mteja. Mhudumu anayejua kwamba kila usiku anaweza kubebeshwa elfu tano ambayo hakuila atafanya nini? Atajiwekea akiba. Mteja akidai chenji ya mia mbili ataambiwa hakuna chenji. Mwenye pikipiki atawekewa mafuta ya elfu nne na mia nane kwa elfu tano. Muuza duka atapunguza kidogo kwenye mzani. Simtetei, wanaoumia hapo ni masikini wenzake. Lakini tukilalamika kila siku kuhusu pampu na mizani, na Wakala wa Vipimo akaja akapima pampu akakuta ziko sawa, tujue kuna kitu kingine kinachosukuma mkono wa mhudumu.

Jambo jingine linalonigusa ni heshima. Tuna historia ya hili katika nchi hii, na vijana wengi hawaijui. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimtaka kiongozi asiwe mtu wa majivuno, dharau na uonevu. Ilikuwa ni karatasi ya chama, iliyoandikwa kwa ajili ya viongozi. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma kwa macho yao wenyewe. Miaka iliyofuata, mpaka 1973, migomo ilizuka kiwanda baada ya kiwanda, na madai hayakuwa nyongeza ya mshahara peke yake. Waligoma kwa sababu ya kauli na ubabe wa mameneja. Kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walifika mahali pa kukishika kiwanda wenyewe. Wale watu walitaka kuonwa kuwa ni watu. Nataja hilo kwa sababu shoti inakata heshima kwanza, ndipo inakata fedha. Kila siku unamaliza kazi ukiwa mshukiwa. Kila asubuhi unasimama mbele ya meza, mtu anahesabu pesa kimyakimya, na wewe unasoma uso wake kujua kama leo wewe ni mwaminifu au mwizi.

Wasikilizaji wetu wa Mombasa na Lamu wananiuliza mara kwa mara kwao ikoje. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 19 nacho kinagusa upungufu wa fedha. Kwao unaweza kukatwa kwa upungufu ikiwa umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwako, na ikiwa mkataba wako unasema wazi kwamba umekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Jumla ya makato yote kwao isizidi theluthi mbili za mshahara. Kikomo chao kiko juu kuliko robo yetu, lakini msingi ni uleule: lazima pawe na kosa la mtu, na kosa lithibitike. Wala si jambo jipya duniani. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu kulinda mshahara, ni wa mwaka 1949, nao unataka makato yafuate masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi.

Watu wengine husema, lakini nilisaini. Siku ya kuanza kazi walinipa fomu imeandikwa “nitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea”, nikaweka sahihi, nilikuwa nahitaji kazi. Nani hahitaji kazi? Sahihi hiyo isikutishe. Kukubali kwa maandishi ni sharti moja. Yale mengine ya kosa, maelezo, nafasi ya kupinga na robo yanabaki palepale, na yanatakiwa kutimizwa kila inapotokea hasara. Kuna mtego mwingine: usikubali kusaini kwamba umepokea 240,000 wakati mkononi umepewa 150,000. Sheria inamkataza mwajiri kukulazimisha au hata kukuruhusu kukiri kupokea zaidi ya ulichopokea. Wanaofanya hivyo wanataka ukaguzi ukija vitabu vionekane safi.

Na kama huna mkataba wowote wa maandishi, bado hujapotea. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Mkifika kwenye shauri naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa juu yake, hauwi juu yako. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimekutana na watu walioacha haki zao wakidhani bila karatasi hawana pa kushika.

Pa kwenda ni wapi? Anzia ofisi ya kazi ya mkoa wako. Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuomba vitabu vya mishahara na kutoa amri ya kutekeleza sheria. Njia ya pili ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wengi wanaiita CMA. Huduma yake hailipiwi. Unajaza fomu namba moja, unampa nakala mwajiri, mnaitwa kwa msuluhishi, na mkishindwana shauri linakwenda kwa mwamuzi. Zingatia siku. Mgogoro wa makato unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukiwa umeachishwa kazi, ni siku 30. Wengi wanafika siku ya tisini wakiwa na machozi na ushahidi mzuri, na wanaanza kwanza kuomba wasamehewe kwa kuchelewa.

Najua hofu iliyopo. Nikienda huko kibarua kitaota nyasi. Hofu hiyo haikutoka hewani, na sitakuambia uitupe. Nitakuambia tu kwamba kudai haki uliyopewa na sheria hakukubaliki kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi, na kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki unaanza mtu akifikisha miezi 6 kazini. Kama una miezi miwili, andika, tunza, na ukiamua kusubiri kumbuka kwamba zile siku 60 zinaendelea kuhesabiwa. Ushahidi wako mkubwa ni kitu kama lile daftari la dada wa sheli. Andika mita zako. Piga picha ya mita kwa simu unapoingia na unapotoka. Tunza ujumbe wa meneja anaposema “umekatwa kiasi fulani”. Ukipewa pesa taslimu, andika tarehe, kiasi, na nani alikuwepo.

Sasa nirudi kwako mwenye biashara. Namfahamu mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeacha kukata shoti. Hakuacha kwa hofu ya sheria. Aliacha kwa sababu alikuwa anabadilisha vijana kila baada ya miezi miwili mitatu na duka halitulii. Akaanzisha makabidhiano: zamu inapoanza, anayeingia na anayetoka wanahesabu pamoja, wanaandika, wanasaini wote wawili, kila mmoja anabaki na nakala. Baada ya muda akagundua sehemu kubwa ya upungufu wake ilitoka kwenye misumari na nondo: bei ilikuwa inapanda, yeye anabadilisha kichwani, hajaandika ukutani. Vijana waliuza kwa bei ya ukutani, yeye akapiga hesabu kwa bei ya kichwani. Miaka yote hiyo aliwakata kwa kosa lake. Aliniambia habari hiyo akiwa ameshusha macho, na nilimheshimu zaidi kwa kunieleza.

Wapo pia waajiri wanaompa mshika fedha posho ndogo kila mwezi kwa ajili ya makosa ya kawaida ya chenji. Akifunga mwezi bila upungufu, posho ni yake. Ukitokea upungufu mdogo unatoka humo, mshahara hauguswi. Hilo ni jambo la maana, maana linakiri kwamba binadamu anayehesabu noti saa 12 mfululizo atakosea, na kwamba kukosea huko ni gharama ya biashara kama umeme ulivyo.

Na ninyi viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, TUICO kwa wa viwandani na biashara, CHODAWU kwa wa mahoteli na wengineo: mikataba mingi ya hali bora niliyoiona ina vipengele vya nauli, matibabu, mazishi, sare, na ni vizuri viwepo. Kipengele cha shoti sikioni. Kiandikeni. Makabidhiano yawe ya kuhesabu pamoja na kusaini. Mita zisomwe bei inapobadilika, usiku uleule. Simu ya malipo ikae kwa mhudumu aliye zamu. Noti yenye shaka ipimwe kwa mashine ambayo mwajiri ameinunua. Upungufu wa tangi na stoo usigawanywe kwa watu wasio na funguo. Ikizidi, izibe iliyopungua. Mwakilishi unayenisikiliza, kikao chako kijacho na menejimenti, liweke hilo mezani kabla ya jingine lolote.